Siku Ngoma ya Febronia Ilipobebwa Begani

Kama kuna kitu kilichomtibua Febronia, ni mtu kusahau kwa makusudi. Mtu asahau funguo, sawa. Asahau siku ya jumuiya, Mungu atamsamehe. Lakini mtu mzima na ndevu zake akae kwenye benchi, ameshiba wali wako, aanze kusema Kocha Agapiti hakuifanyia timu lolote? Aka! Hapo Febronia aliweka mwiko chini.

Na benchi lenyewe alikuwa hana pa kulikimbia. Lilikuwa mbele ya mashine ya Fulgence ya kukoboa mpunga, pale Kibaoni, na kibanda cha Febronia cha wali na samaki kiliegemea ukuta wa mashine hiyohiyo. Hicho ndicho kilikuwa kijiwe cha washabiki wa Lumemo Rangers, na Fulgence ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa tawi lao. Mashine ikinguruma, wanaume walipaza sauti. Ikizimwa, walisahau kushusha. Febronia alitaka asitake, kila neno lilimfika jikoni.

Yeye ni Mpogoro wa upande wa Mahenge, na Ifakara aliletwa na ndoa. Mumewe, marehemu Valeriani, alikuwa golikipa wa Rangers, mrefu, mkimya, mwenye mikono kama makasia. Ngoma Febronia aliijulia kwenye kwaya ya parokia. Siku moja mpigaji wa timu aliamka na homa, mechi iko mchana, watu wanahangaika, Valeriani akasema tu, "Mke wangu anaweza." Akaweza kweli. Tangu hapo ngoma ya tawi ililala chumbani kwake, imefunikwa kanga, na hata baada ya Valeriani kufariki hakuna aliyethubutu kuidai.

Ngoma hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Timu ikishinda, inapigwa kuanzia uwanjani mpaka mjini, na Febronia ndiye anayeanzisha wimbo. Timu ikifungwa, anaiweka begani na kuibeba kimya njia nzima. Waliobaki nyumbani hawakuwa na haja ya kuuliza matokeo. Hata mama aliyekuwa amejifungua jana yake, yuko ndani na kichanga, alijua.

Sasa huyo Agapiti waliyekuwa wakimchambua kama mchele wenye mawe alikuwa fundi baiskeli, na alikuwa ameifundisha Rangers tangu baadhi ya hao wachambuzi wakiwa wanapigwa fimbo shuleni. Msimu uliopita kamati ilimshukuru, ndivyo wanavyosema wanapomtoa mtu, na akaletwa Elineema, kijana wa kutoka upande wa mashamba ya miwa, ana cheti cha ukocha na filimbi mpya shingoni. Na Elineema, tuseme ukweli, hakuwaangusha. Alishinda, akashinda tena. Ikabaki mechi moja tu, wakishinda wanapanda daraja, jambo ambalo Rangers haikuwahi kuliona.

Ndipo midomo ikafunguka.

"Mzee alituchelewesha," alisema Lukelo, dereva wa bodaboda, akichokonoa meno. "Mbinu zake za kizamani. Anawakimbiza watu kwenye matope, mpira hamna."

"Muda wote ule," Fulgence akadakia, "hata fainali ya wilaya hakufika. Huyu kijana mwaka mmoja tu! Mmoja! Sasa nani kocha hapo?"

Febronia akatoka na mwiko wake, mvuke wa wali unamfuata.

"Ligi ilikuwa inachezwa lini wakati wa Agapiti?" aliuliza.

Lukelo akaendelea kuchokonoa meno.

"Nawauliza nyinyi, si mnajua kila kitu? Ilikuwa inachezwa masika! Masika, wakati mji mzima umehamia mashambani, watu wamelala madunguni ng'ambo ya mto, wanapalilia, wanaamia ndege wasile mpunga, wanavuna. Wachezaji wako wapi? Wako huko huko na mama zao! Agapiti anabaki na watu kumi na kipa, benchi tupu. Mwaka huu ligi imesogezwa kiangazi, mpunga uko kwenye magunia, vijana wote wamerudi. Elineema kawakuta wako hapa, wamenawa na miguu. Hilo mbona halisemwi?"

"Mama, mpira ni matokeo," Lukelo alisema.

"Matokeo ya nini? Hao vijana wanaoshinda, Elineema aliwazaa yeye? Nani aliwafuata na baiskeli mpaka mashambani Idete, mpira umefungwa kwenye keria, akawafundishia kwenye mabua ya mpunga uliovunwa, jioni wakitoka kazini? Ndiyo hayo matope unayoyacheka wewe!"

Fulgence akacheka, kicheko kile cha kumdogosha mtu. "Febronia, sisi tunajua kwa nini unamtetea. Valeriani alipokuwa mgonjwa, mzee alileta timu ikakuvunia shamba. Hiyo ni shukrani, siyo mpira."

Damu ilimchemka Febronia mpaka masikio yakawaka. Ni kweli, walimvunia. Valeriani alikuwa hajiwezi, mpunga umeiva, ndege wameshajua njia, na asubuhi moja Agapiti akatokea na timu nzima na mundu mikononi. Jumamosi ile wakacheza wamechoka, wakafungwa, na watu wa benchi hilihili wakamzomea. Agapiti hakujitetea. Hakusema hata siku moja kwamba walifungwa kwa sababu ya mpunga wa Febronia.

"Alinivunia, na sitaificha," alisema. "Na wewe je? Nusu fainali ya mwaka ule tuliofungwa bao moja, Hilary alikuwa wapi? Mshambuliaji wetu, mtoto wa dada yako, alikuwa wapi? Si ulimchukua wewe akaamie ndege kwenye shamba lako? Agapiti akakwambia mchukue, mpunga hausubiri. Leo unamhesabia kufungwa kule! Hata haya huna, Fulgence?"

Mtu mmoja aliguna. Fulgence akainuka akaenda kuwasha mashine, ijapokuwa hakukuwa na mpunga wa kukoboa, na kelele zikafunika kila kitu.

Lakini yule bwana hakuwa wa kusahau aibu yake mwenyewe. Siku mbili kabla ya mechi alikuja kibandani na sura ya kikao.

"Tawi limekaa," alisema. "Tukishinda Jumapili, msafara utapitia kwa Agapiti. Tutasimama mlangoni kwake tuimbe. Wimbo upo tayari." Akauimba palepale, akipiga meza ya Febronia: "Agapiti lala, timu imeamka! Agapiti lala, timu imeamka!" Akatabasamu. "Utani tu. Wewe utaanzisha, kama kawaida."

"Sianzishi."

"Utani, Febronia!"

"Utani na nani? Mtu ana umri wa baba yako, ukamwimbie mlangoni kwake kwamba hana maana, mkewe Oliva anasikia, wajukuu wanasikia? Sianzishi, na ngoma yangu haitapigwa wimbo huo."

"Ngoma ya tawi," Fulgence alisema polepole. "Siyo yako. Ukikataa kupiga, Jumapili hiyohiyo utairudisha, na tutampa mwingine. Wapigaji wapo."

Akaondoka. Febronia akabaki na mchele kwenye ungo, hauoni. Kuna vitu ambavyo mjane hubakiwa navyo, na kwake ilikuwa ni ngoma ile. Valeriani alikuwa akimsikia akipiga wakati amesimama golini, alimwambia hivyo mwenyewe, kwamba akiisikia anajua mke wake yupo. Sasa achague: ama airudishe, ama akamdhalilishe mtu aliyeushika mpini wa mundu kwa ajili yake. Jamani, watu wengine wana roho! Usiku alipaka ngozi ya ngoma mafuta kama mtu anayemwandaa mwanawe kwa safari, na hasira ikamtoa machozi.

Jumapili Rangers walishinda. Mawili bila, na la pili alifunga Hilary kwa kichwa, watazamaji wote wakamiminika uwanjani. Febronia naye aliruka, alipiga vigelegele mpaka koo likakauka, kwa sababu timu ilikuwa yake pia. Ngoma aliipiga tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho, kama inavyotakiwa. Elineema alibebwa juu juu. Madereva wa bodaboda wakawasha pikipiki, wakaondoka kwa barabara kubwa moja kwa moja kwenda mjini kwenye sherehe. Waliobaki wakajipanga kwa miguu kupitia njia ya Kibaoni, wachezaji katikati, Fulgence mbele na fulana ya tawi.

"Haya, Febronia!" aliita. "Tupe wimbo!"

Febronia akaiinua ngoma akaiweka begani.

"Unafanya nini?"

"Natembea."

"Tumeshinda wewe! Piga!"

"Njia hii imepangiwa wimbo mmoja, na mimi nilikwambia siupigi. Tukifika mwisho wa njia chukua ngoma yako. Mpaka hapo iko begani kwangu, na iguse mtu aone."

Hakuna aliyeigusa. Wengine walicheka wakidhani ni mzaha. Wengine wakaanza kumbembeleza, dada piga bwana, usituharibie siku. Fulgence alijaribu kuanzisha mwenyewe, "Agapiti lala," lakini alianzia juu mno, sauti ikampasuka, wanawake wakaangua kicheko, na wimbo ukafia hapo. Walijaribu wa pili, hawakupatana mahali pa kuitikia. Kuimba bila ngoma walikuwa hawajawahi. Wakaanza kulaumiana, huyu anasema Febronia ana kiburi, huyu anasema Fulgence kayataka mwenyewe, kwani alazimishe nini. Kufika Kibaoni hata malumbano yalikuwa yamewachosha. Ukasikika mchakacho wa ndala tu kwenye vumbi.

Nyumba ya Agapiti iko kando ya njia, matairi ya baiskeli yametundikwa kwenye ukuta. Watu walisimama mbele yake kwa sababu ndivyo ilivyopangwa, ingawa sasa hakuna aliyejua wamesimama kufanya nini.

Mlango ukafunguka. Agapiti akatoka pekupeku, amevaa fulana yake ya zamani ya Rangers iliyopauka. Akaiangalia ngoma begani kwa Febronia. Akawaangalia wachezaji, mmoja mmoja, na mabega yake yakashuka.

"Poleni, wanangu," alisema.

Akashuka barazani, akaenda moja kwa moja kwa Hilary, akamshika bega. "Usilie. Nimekaa ndani tangu saa ya mechi kwisha nasikiliza ngoma, haiji, haiji. Nikamwambia mama hapa, tumefungwa. Basi, tumefungwa. Mwakani tutarudi." Akamtafuta Elineema kwa macho, akampa mkono. "Na wewe mwalimu, usikubali wakulaumu. Hawa watu wana maneno sana siku ya kufungwa, mimi nawajua. Njoo hapa kwangu ukae mpaka wapoe. Oliva, toa viti!"

Oliva alikuwa mlangoni. "Simu yenyewe ameizima tangu asubuhi," aliwaambia watu, kama anayemwombea radhi. "Moyo wake siku ya mechi ya Rangers hauwezi."

Elineema alikuwa bado ameshikwa mkono.

"Shikamoo, mwalimu," alisema. "Hatukufungwa. Tumeshinda. Mawili bila. Tumepanda daraja."

Agapiti alimwangalia kama mtu asiyesikia vizuri. Halafu uso wote ukafunguka. "Tumepanda?" Akamgeukia Hilary. "Tumepanda?" Hilary akaitikia kwa kichwa. Yule mzee alimkumbatia, akamkumbatia na aliyefuata, akawa anawapiga migongoni, "Tumepanda! Oliva, tumepanda daraja!" na machozi yakamtiririka bila kujificha. Mwanamke mmoja aliyekuwa amecheka sana njiani aliinamisha uso kwenye kanga.

Kisha Agapiti akasimama, kama mtu aliyekumbuka kitu. Akaigeukia ngoma, bado iko begani kwa Febronia.

"Sasa, mama," aliuliza, "kama tumeshinda, mbona ngoma imekuja kimya mpaka kwangu?"

Febronia aliishusha begani taratibu, akaiweka chini katikati ya njia, mbele ya miguu ya mwenyekiti wa tawi.

"Mjibu, Fulgence," alisema.