Uzi wa Buluu na Kibuyu cha Ermelinda

Ermelinda Techera alikuwa na macho mawili tu kama sisi sote, lakini ushirika mzima wa wafugaji wa kondoo hapa Tacuarembó uliyategemea. Miaka ishirini na sita alisimama ghalani kwenye meza ya kuchambulia sufu, akitenga laini na nzito, akiokota miiba na kinyesi, kabla sufu haijafungwa marobota na kupelekwa bandarini Montevideo. Nchi yetu ndogo ina mifugo mingi kuliko watu, na sehemu kubwa ya jasho letu huvaliwa na kuliwa na wageni. Sufu ikidoda ng'ambo, jiko la Tacuarembó ndilo la kwanza kujua.

Mwaka uliopita mnunuzi wao wa siku nyingi, Mwitalia, alikuta uzi wa plastiki wa buluu ndani ya robota. Uzi mmoja! Lakini samaki mmoja akioza, wote wameoza: plastiki haishiki rangi, na jora zima la kitambaa huharibika. Sasa alikuwa anakuja mwenyewe. Asiponunua, meza ingefungwa, na nani angemwajiri mwanamke wa miaka sitini na moja?

Mwitalia alifika asubuhi, mtu mrefu, mpole, Kihispania chake cha kuokoteza. Alifungua marobota matatu, akavuta nyuzi, akanusa, asiseme kitu.

"Huyu ni mtu au mlango?" alinong'ona Walberto Pintos, mwenyekiti wa ushirika.

"Nyamaza wewe, atakusikia!" Ermelinda alimkanya.

"Asikie! Labda atafunguka."

Ermelinda alishindwa kuvumilia. "Bwana, ule uzi ni kosa langu. Ulitoka kwenye kamba ya gunia, nikaupita. Usiwaadhibu wenzangu."

Mgeni alimtazama machoni. Adabu ni adabu hata siku ya msiba, kwa hiyo Ermelinda alimimina maji ya moto kwenye kibuyu cha mate, ile chai yetu chungu ya majani inayofyonzwa kwa mrija, akanywa cha kwanza mwenyewe, akajaza tena, akampa. Mgeni alifyonza mpaka mrija ukakoroma. Akakirudisha kibuyu kwa mikono miwili.

"Asante," akasema.

Walberto akavua kofia. Kwetu kibuyu huzunguka bila shukrani. Anayesema asante anasema nimetosheka, msinijazie tena. Na huyu alikunywa kimoja tu, maji hata hayajapoa! Ermelinda alielewa vizuri sana: hata sufu haitaki. Aliweka kibuyu kando, akaanza kufungua aproni yake.

"Nimekosea nini?" mgeni akauliza. "Mbona unaondoa? Mimi nataka kingine."

"Si umesema asante?"

"Nilikuwa nashukuru!"

"Hapa ukishukuru ndiyo umemaliza, bwana wee!" Walberto alifoka huku akicheka. "Nusura utuue bure!"

Mgeni alipoelewa, uso ulimwiva kama nyanya. "Mama," akamwambia Ermelinda, "miaka kumi na moja nafungua marobota yako, nimekuta uzi mmoja. Nilitaka kuona ni macho ya nani hayo. Sufu yote naichukua, na ya mwakani pia."

Macho yale yakajaa machozi. Moyoni Ermelinda alimshukuru Mungu, akawashukuru kondoo, akamshukuru marehemu mama yake aliyemfundisha kuijua sufu kwa kidole gumba. Kisha akamgeukia mgeni, na neno likamfika ulimini.

Akalimeza. Akakijaza kibuyu tena, akampa.