Msumari wa Lucien

Watu wa barabara ya chini, kule bondeni nyuma ya reli ya Kamina, watakuambia kwamba Mujinga ndiye aliyewaharibia. Wanayasema hayo kisimani, naye yupo, anajaza ndoo yake. Ni unafiki mtupu, na kila anayesema anajua hivyo.

Mujinga ni mjane wa Lucien, fundi wa reli, mtu wa maneno machache aliyeamini vipimo kuliko mahubiri. Nyumba yao waliijenga kwa matofali mabichi ya udongo, lakini mwimo wa mlango Lucien aliuchonga kutoka taruma kuukuu la reli, mti mgumu uliowashinda hata mchwa. Mwaka mto ulipofurika kuliko miaka yote, alisimama mlangoni, suruali ameikunja, akangoja mpaka maji yakaacha kupanda. Ndipo akagonga msumari mnene kwenye mwimo, usawa ule ule wa maji. Ulikuwa chini kidogo ya goti.

"Maji ilifika hapa," alimwambia mkewe kila mvua zilipoanza. "Haikupita."

Alipokufa, Mujinga alibaki na msumari huo, cherehani, na hamu moja tu: nyumba ya matofali ya kuchoma. Kwa miaka sita alishona nguo za watu, akafyatua matofali, akayachoma, tanuru baada ya tanuru, mpaka rundo la uani likapita paa la nyumba. Chama cha akiba cha akina mama kikakubali kumkopesha saruji na mabati. Zilibaki karatasi za ruhusa tu.

Hapo ndipo habari zilipokuja kwamba watu wa mradi watapita kupima mafuriko, watengeneze ramani. Ngoy, mkuu wa barabara, akaenda nyumba kwa nyumba.

"Mama Mujinga, unakumbuka ile mwaka ya bashi?"

Nani angesahau? Baada ya mvua za mwaka huo yaliletwa maturubai, bashi kama wanavyoyaita, na waliopewa ni wa ng'ambo ya mto, ambao kuta zao zilikuwa na tope juu kabisa. Wenye tope la kifundo cha mguu walipewa mkono wa pole.

"Maji ya magoti, batatupa paka pole tu," Ngoy alisema. "Ya kifua njo ya musaada."

Basi barabara nzima ikachukua mifagio na ndoo za tope, wakapaka kuta zao hadi kifuani. Mujinga alikataa. Siku ya pili Ngoy akarudi na Kaumba, jirani anayesali naye kila Jumapili, na Kaumba akasema kwa upole, "Weye moja njo utatuharibia sisi bote?" Neno hilo lilimshinda. Akachukua koleo la marehemu, akang'oa msumari, akaupigilia upya usawa wa kifua, na tundu la zamani akaliziba kwa sabuni na masizi. Alimwomba Lucien msamaha kwa sauti, peke yake, kama kichaa.

Mpimaji alikuwa mwanamke, Christelle, mwenye fimbo ndefu ya alama na tableti. Hakuwa mjinga. Alikwaruza ukuta wa kwanza kwa ukucha, tope likapukutika.

"Hii potopoto iko ya jana," alisema. "Haiko alama hata moja ya zamani?"

Vidole vyote, cha Ngoy mbele, vikaelekea mlango wa Mujinga. Christelle akaugusa ule msumari uliokula kutu, akaupapasa mti wa taruma. Uso wake ukabadilika, akawa na heshima.

"Nani alipiga hii musumari?"

"Bwana yangu. Alikuwa fundi ya reli."

"Na maji ilifika hapa kweli, mama?"

Nyuma ya Mujinga barabara nzima ilikuwa imesimama. Alikuwa na nafasi, na aliiona. Akafungua kinywa, yakatoka maneno ya mumewe.

"Ilifika hapa. Haikupita."

Ramani ilipobandikwa kwenye komini, ofisi ya serikali ya mtaa, bonde lote lilikuwa jekundu, toka reli hadi ng'ambo ya mto. Komini ikaacha kutoa ruhusa ya kujenga huko. Chama kikamwambia kwamba mkopo unataka bima, na kampuni ya bima ikarudisha faili lake na mistari miwili ya kukataa. Bashi haikuja hata moja. Mujinga alipomfuata Ngoy, Ngoy alimtazama machoni bila haya.

"Musumari iko ya kwako, mama. Minyi sikukugongea."

Akaenda komini kukiri. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho, tena kwa adabu, na hilo lilimuuma kuliko kama angefukuzwa.

"Mama, ulisema kweli ile siku, ao unasema kweli leo?"

"Leo."

"Kesho barabara yote itakuya kuniambia vile vile. Na ramani ilisha kusainiwa."

Maji yakimwagika hayazoleki. Aliyauza matofali yake kwa mtu anayejenga mtaa wa juu. Lori lilirudi mara nne, na kila mara alijifungia ndani asilione.

Mvua zilizofuata mto ulikuja, kwa ukali wa ule mwaka wa Lucien. Ulipanda, ukafika kwenye tundu la zamani, chini kidogo ya goti, ukasimama hapo siku tatu, si usiku mmoja kama zamani. Sabuni iliyeyuka, tundu likaonekana. Matofali ya kuchoma yangevumilia maji ya magoti bila shida. Udongo mbichi haukuvumilia: ukuta wa chumba cha kulala ulilala chini siku ya pili, wa sebuleni siku ya tatu. Mwimo ulibaki umesimama, na msumari juu yake mkavu.

Wiki iliyofuata akaja mtu wa misaada, bashi begani, simu mkononi.

"Maji ilifika wapi, mama?"

Mujinga akapiga magoti kwenye tope, akaweka kidole kwenye tundu.

"Hapa. Haikupita."

Yule mtu akaitazama ramani kwenye simu yake, akautazama msumari, akamwonea huruma.

"Usiogope, mama. Bashi yako utapata."

Akaandika: kifuani.