Tulivyomkaribisha Mwenye Nyumba Kwake

Nikikumbuka ile Jumamosi nafunika uso kwa mto, hata nikiwa peke yangu chumbani, kwa hiyo acha niandike upesi kabla aibu haijanishika mkono: familia yangu iliingia nyumbani kwa mtu, ikala chakula chake, na mwenyewe alipofika tukamkaribisha ndani kama mgeni. Na yote hayo ni kwa sababu ya simu moja ambayo mimi, Neema, sikuipiga.

Mama Mkubwa Riziki, dada yake Mama, alikuwa anakuja kututembelea kutoka Ufaransa. Hawakuwa wameonana tangu kambi ya wakimbizi, wakati mimi nabebwa mgongoni, na miaka yote hiyo tulimwona kwenye WhatsApp tu, na kila Agosti alikuwa anatuonyesha kanyumba ka mawe walikokodi huko mashambani, kuna kondoo, kuna meza chini ya mzabibu, na Mama anaangalia na kusema "kazuri, dada, kazuri" huku jirani yetu wa hapa New Hope, Minnesota, akisikika anapiga chafya ng'ambo ya ukuta. Basi Mama akaamua kwamba dada yake hatafikia kwenye hako kafleti. Alichukua shifti za ziada kule anakotunza wazee, akaniambia, "Tafuta nyumba ya mashambani kama zao. Nataka akifika aone na sisi tunaishi."

Nikaitafuta (mimi ndiye mtoto wa intaneti). Nikapata nyumba ndogo nyeupe kwenye shamba moja mbele ya Lakeville, nyuma ya ghala jekundu. Mwenyewe, mama mmoja anaitwa Carol, aliniandikia: mkifika nipigie simu, nitakuja niwaonyeshe.

Sasa, mimi na simu. Mimi ni mtu wa kumwandikia ujumbe hata aliye jikoni. Kumpigia mtu nisiyemjua, nisikie ile "hello" halafu kimya kinachonisubiri mimi, afadhali niende darasani na nguo za kulalia. Kwa hiyo tulipofika, tukaona ghala jekundu na kando yake nyumba nyeupe, mlango wa wavu tu ndio umefungwa, Baba akauliza, "Njo hii? Umemupigia?" nikasema, "Amesema tuingie tu."

Maneno matatu. Nayasikia mpaka leo.

Ndani meza ilikuwa imejaa. Bakuli pana la viazi vilivyookwa na jibini, mikate midogo yenye nyama, ile saladi yao ya kijani inayotetemeka, keki ya limau iliyokatwa vipande vya mraba, vyote vimefunikwa vizuri. Mama akasimama na mkono kifuani. Kwetu mgeni hafiki akakuta meza tupu, kwa hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza swali.

"Muone," akasema. "Na watu wanasema Wazungu hawajui mgeni."

"Mais, kule kwetu," Mama Mkubwa akasema polepole, Kifaransa chake kikitangulia, akizungusha kofia yake kichwani, "wanakuachiaga chupa moja ya divai na karatasi ya kukukataza mambo."

Nilimwona Mama akirefuka pale pale.

Kwenye meza ndogo kulikuwa na picha ya mzee amevaa kofia ya shamba, na mshumaa, na maua. Mama akaibeba kwa mikono miwili kwa heshima, "Mzee, utusamehe, tunaomba nafasi," akaiweka juu ya friji, na mahali pake akatua sufuria ya sombe, kisamvu chetu, tuliyotoka nayo nyumbani. Baba akavua viatu, akakalia kiti cha ngozi dirishani, kiti ambacho kilikuwa tayari na umbo la mgongo wa mtu. Mimi nilikuwa kwenye keki ya limau (sitasema vipande vingapi).

Ndipo magari yakaanza kuingia, taratibu, yamefuatana, taa zimewaka na ni mchana. "Majirani hao," Baba akasema bila kuinuka. "Wanakuja kutupokea."

Mama akafuta mikono, akafungua mlango, akanyoosha mikono yote miwili, akawaambia kwa Kiingereza chake cha kazini: karibuni, ingieni, jisikieni nyumbani, chakula ni kingi.

Mama mmoja mzee mwenye gauni la bluu nzito alikuwa mbele. Alimwangalia Mama, akaangalia sufuria, akaangalia soksi za Baba. "Oh," akasema. "Asante sana." Akapokea sahani. Na wote waliokuwa nyuma yake, kwa sababu yeye amepokea, wakapanga foleni wakapokea. (Watu wa Minnesota ukiwakanyaga mguu wao ndio wanakuomba radhi.) Mama akawapakulia viazi vyao wenyewe, akiwahimiza waongeze, na Mama Mkubwa akanong'ona, "Kweli mdogo wangu, hapa unajulikana."

Jamaa mmoja mwenye tai alinisogelea, akainama, akauliza kwa upole kabisa, "Samahani, picha ya baba yangu iko wapi?"

Nikaweka kipande cha keki chini. Nikaangalia nguo zao nyeusi. Nikaangalia mshumaa. Huyo jamaa akaona uso wangu, akaniambia kwamba nyumba tuliyokodi ni ile ya nyuma ya ghala, kwamba baba yake alifariki Jumanne na wametoka kumzika sasa hivi, na kwamba mama yake, Carol, yule wa gauni la bluu, alikataa kabisa kutuandikia tusije, hakutaka kutuharibia likizo.

Nilitamani sakafu inimeze. Ila nikiendelea kunyamaza, Mama angeendelea kucheka na kupakua, kwenye msiba, mbele ya dada yake. Nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia, "Mama, hapa ni kilio."

"Kilio cha nani?"

"Cha mume wa huyu mama. Yule uliyemweka juu ya friji."

Mama akaweka mwiko chini. "Neema, ulipiga simu?"

"Hapana, Mama."

Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Hakumwangalia hata Carol. Alimwangalia dada yake, kama mtoto aliyemwaga maziwa.

Mama Mkubwa akavua kofia. Akavua viatu. Akaenda mpaka alipokaa Carol, akaketi chini kwenye zulia, miguuni pake, na magauni yake yote ya Ufaransa, akamshika mkono. "Pole, mama," akasema kwa Kiswahili. Kisha akageuka. "Mdogo wangu, kuja tuikale."

Mama akaenda, akaketi. Bibi, mama yao, alifia kambini wakati Mama Mkubwa ameshapelekwa Ufaransa. Mmoja alilia upande ule wa simu na mwingine upande huu mpaka vocha ikaisha, na hawakuwahi kulia pamoja. Siku ile walilia. Walianza kwa sauti ya chini, kama wimbo, na Carol, ambaye mwanawe aliniambia hakuwa ametoa chozi tangu Jumanne, akainamisha kichwa chake cheupe kwenye bega la Mama, akalia nao. Wanaume wakaangalia viatu vyao. Baba akaangalia soksi zake.

Baadaye Baba alirudisha picha mahali pake, tukaosha vyombo vyote, Carol akala sombe, akatupeleka mwenyewe mpaka nyuma ya ghala. Kanyumba kalikuwa kadogo, kana kitanda kimoja na baridi. Mama Mkubwa alisimama mlangoni akasema ni kazuri kuliko kale ka Ufaransa, na sauti yake haikuwa ya kumbembeleza mtu.

Nimeapa kwamba sasa napiga simu. Ya kwanza niliipiga wiki iliyofuata, kwa sababu lile bakuli la viazi tulikuja nalo New Hope kwa bahati mbaya. Ikaita. "Hello," halafu kile kimya.

"Ni mimi Neema," nikasema. "Wa..."

"Wa keki ya limau," Carol akasema.

Na Mama, jikoni, anafunga maandazi kwenye karatasi: "Mwambie tunamletea Jumapili. Bakuli la mtu halirudi tupu."