Shahidi Aliyevua Viatu

Wapare tunasemwa kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Ni uzushi mtupu, na niko tayari kwenda baraza la kata kulithibitisha hilo.

Nayasema haya kwa sababu kesi kama hiyo ilinikuta darasani, Same mjini, nilipokuwa najifunza kazi ya mhudumu wa afya ya jamii. Kijiji chetu kule Mamba kilinichagua, nikaacha tangawizi shambani na mume jikoni, nikashuka na mimba ya miezi saba. Siku yangu ya kliniki ikaangukia katikati ya mafunzo. Niliikosa, maana siku hiyo tulikuwa tunafundishwa umuhimu wa kutokosa kliniki.

Mwalimu wetu alikuwa muuguzi mpole mwenye bango kitita, yale makaratasi makubwa yaliyofungwa pamoja, mbele picha, nyuma maneno. Sheria yake ilikuwa picha kwanza, maneno baadaye. Aliinua picha, akauliza tunaona nini, na karatasi haikugeuzwa mpaka darasa zima likubaliane. Ni njia nzuri ya kumfundisha anayeanza. Aliyeibuni hakuwahi kukaa na Wapare, basi.

Asubuhi hiyo picha ilikuwa ya mjamzito aliyekaa mlangoni kwake, miguu imeumuka kama maandazi. Mmoja akasema anaona bati jipya. Mwingine akapinga, bati lina kutu pembeni. Mzee mmoja wa Bombo, aliyewahi kuwa mjumbe wa baraza la kata, akataka kwanza ijulikane kama nyumba ni ya mume au ya baba mkwe, kwa kuwa mengine yote yanategemea hapo. Tulipofika kwenye miguu, mama mmoja mwenye duka kando ya barabara kuu akasema mashallah, huyu analishwa vizuri na mumewe. Mzee akabisha kwamba hajaona mume wa Kipare anayelisha kiasi hicho. Mwishowe tukapiga kura. Kulishwa vizuri kukashinda, na mimi nilinyoosha mkono.

Chini ya dawati nilikuwa nimevua yeboyebo, viatu vyangu vya plastiki, tangu asubuhi, kwa sababu vilinibana. Nilisingizia joto la Same, ambalo sisi watu wa milimani tunalisingizia kila kitu. Kichwa nacho kilikuwa kinagonga, nikasingizia mabishano.

Baada ya makande ya mchana mwalimu aligeuza karatasi, akaniita nisome kwa kuwa nina sauti. Nikasimama. Herufi zilikuwa zimefunikwa na ukungu.

Nikasoma polepole kwamba dalili za hatari ni kuvimba miguu, mikono na uso, kichwa kuuma sana, na macho kuona. Hapo nikakwama. Neno lililofuata sikuliona kabisa. Mwalimu akanitetea, akasema kweli maandishi ya toleo hili ni madogo na wakubwa wameshaarifiwa. Mwenzangu wa nyuma akanishauri ninunue miwani.

Mzee wa Bombo akasimama. Nilidhani anataka kukata rufaa dhidi ya kura yetu, na kwa kweli ndicho alichotaka.

"Mwalimu, kesi hii tunaiendesha bila shahidi," alisema. "Huyu mama amevua viatu tangu asubuhi. Mtazame miguu yeye. Karatasi haitakimbia."

Mwalimu akapiga magoti, akanibonyeza muundi kwa kidole. Kishimo kikabaki pale pale. Akachukua kipimo cha presha, ambacho kilikuwa mezani muda wote kikisubiri kipindi chake cha Alhamisi. Alipokisoma hakuuliza tena tunaona nini. Akaagiza gari.

Niliogopa. Njia nzima nilishika tumbo nikimwomba mtoto acheze, hata kidogo tu.

Nilifanyiwa upasuaji, akatoka mdogo, mwekundu, analia kama anayedai haki yake. Tulikaa hospitalini mpaka tulipopona wote wawili. Kisha nikaenda kuulizia cheti changu.

Ofisini wakaniambia hakipo. Kumbukumbu zilionyesha kwamba nilitoroka kipindi cha dalili za hatari kwa mjamzito, na vyote vilivyofuata. Nikaeleza nilikokuwa. Wakanipa pole sana, wakasema nirudie na darasa lijalo. Niliwatishia baraza, kama inavyotarajiwa, halafu nikarudia.

Nikakaa tena kwenye dawati lile, safari hii mtoto mgongoni, kati ya wanafunzi wapya nisiowajua. Mwalimu akainua picha ile ile na kuuliza tunaona nini. Mmoja akasema bati jipya. Mwingine akasema lina kutu.

Nikanyoosha mkono.

"Najiona mimi," nikasema, nikageuka ili wamwone mtoto.

Darasa zima la Wapare, na hakuna aliyebisha.