Mikate Mikavu ya Mdachi

Mnisamehe, nyote mtakaosoma barua hii, kwa mwandiko uliopinda na herufi nilizokosea. Skuli nilisoma madarasa machache tu, na mkono wangu ni mzito.

Vita vya Waingereza na Wajerumani vilipoanza, mtoto wa shangazi yangu alirudi Unguja kutoka Dar es Salaam, kwa Wajerumani, ambao sisi twawaita Wadachi. Kule alikuwa akioka mikate ya kambi ya askari. Tangu siku hiyo baraza la ami yangu, aliyenilea baada ya baba kufariki, likawa lake yeye. Watu wazima walimsogezea kahawa na kumuuliza Mdachi ana nguvu gani. Mimi nimekaa baraza hilohilo tangu utoto na hakuna aliyeniuliza hata kama mvua itanyesha.

Nilimwonea wivu kwa sauti yake na kwa kanzu yake mpya. Zaidi nilimwonea kwa sababu binti wa ami, ambaye nyumbani ilijulikana tangu zamani kuwa nitamwoa mimi, alikuwa akisimama nyuma ya mlango kumsikiliza.

"Wanakuja," mtoto wa shangazi alisema jioni moja. "Kabla sijaondoka tuliamrishwa kukausha mikate, magunia kwa magunia. Mkate mkavu ni wa safari. Safari ya wapi kama si ya hapa? Mjomba, wapeleke watu wa nyumbani shamba, Kidichi. Nitawalinda mimi."

Nitawalinda mimi! Nikajikuta nimesema, mbele ya watu wote, "Ami, anayevuka kuja Unguja analala kule na kuamkia hapa. Mkate laini haujaota hata ukungu. Ule mkavu ni wa watakaotembea majuma mengi. Jeshi lao linakwenda bara."

Mtoto wa shangazi akacheka. "Mtazameni jemadari! Hajavuka hata kisiwani Chumbe hapo, na keshamjua Mdachi!"

Wakacheka wote. Nyuma ya mlango nikasikia bangili zikigongana.

Wakahamia wote Kidichi, ami na mtoto wa shangazi pia, nami nikaachwa mjini kulinda nyumba. Kila asubuhi niliwaza yule binti anampelekea nani maji ya kunawa, na chai yangu ikapoa.

Hazikupita siku nyingi, alfajiri, manowari ya Wajerumani ikaja ikaipiga mizinga manowari ya Waingereza bandarini. Madirisha yalitetemeka. Nikaingia chini ya kitanda, na hata huko nilichowaza ni kimoja tu: sasa mtoto wa shangazi ataitwa mkweli.

Ndivyo ilivyokuwa. Ami alirudi naye mjini, akamkumbatia barazani.

"Lakini, ami," nikasema, "hakushuka askari hata mmoja. Ile meli imepiga ikaenda zake."

"Wewe mizinga hukuisikia?"

"Nimeisikia, ami."

"Basi."

Posa ya mtoto wa shangazi kwa binti wa ami imepokelewa. Ndoa ni baada ya Ramadhani.

Kwa hiyo nawaomba, kama kati yenu yuko aliyetoka Mrima, pwani ya bara kule, baada ya mtoto wa shangazi, akaiona ile mikate au akaibeba kichwani, aniandikie ilikwenda upande gani. Aandike upesi, na kwa herufi kubwa, maana ami atataka kujisomea mwenyewe.