Gurudumu la Kushoto

Fundi wa breki wa nyuma ya maegesho ya malori, hapa Tunduma, amefariki. Nilipata habari nikiwa kwa kinyozi, povu limenijaa mashavuni, na kabla sijauliza alikuwa akiumwa nini, mteja mmoja akasema, "Yule mzee? Alikuwa amechakaa mno." Hakuwa mzee. Tulikuwa rika moja.

Tulifahamiana kwa sababu ya gari langu, mtumba wa Japani, miaka ile ambayo kila mwenye vijisenti alisahau ghafla kutembea kwa miguu. Pedi za breki za kulia zilikuwa zikiisha upesi. Za kushoto, mpya tu. Nikawa nabadilisha za kulia na kuzisifu za kushoto kwa uimara. Siku hiyo nilikuwa nampeleka mke wangu kijijini Ruanda, kwenye shamba letu la kahawa, kama kawaida: mimi namshusha, yeye anachuma.

"Nifungie za kulia haraka, fundi, tuna safari," nilimwambia. Akaliendesha gari hadi njia panda na kurudi, akanipa kopo la maji. "Nyunyizia magurudumu mwenyewe, kaka." Kulia maji yalichemka, chwaa! Kushoto yakatiririka tu.

"Umeona? La kushoto halishiki, pistoni imeganda kwa kutu. Hili la kulia linafanya kazi ya mawili, halafu unalilaumu!"

"Si tutafika tu?"

"Kwa mteremko ule? Na shemeji yumo ndani? Ufunguo sikupi."

Akautia mfukoni. Nilikasirika, nikamwita mjuaji. Akachomoa pistoni, akasugua kutu, akaiwekea mpira mpya, akatoa hewa kwenye mafuta ya breki, akafunga pedi mpya pande zote mbili. Mke wangu, aliyekuwa amekaa juu ya tairi bovu, akasema, "Fundi, la kushoto nalijua. Ninaishi nalo." Wakacheka. Nami nikacheka, nikidhani ni utani.

Punda afe, mzigo ufike. Ndivyo tunavyoendesha ofisi zetu na nyumba zetu. Anayechoka tunamwita dhaifu, na mwenye shati safi tunampandisha cheo.

Kinyozi alipomaliza alinishikia kioo. "Mzee, wewe huzeeki!" Sifa hiyo huwa inaniburudisha. Safari hii niliona aibu.

Ukimwona mtu amechakaa, usiulize ana kasoro gani. Mtazame aliye pembeni yake, aliyebaki mpya. Kesho naenda Ruanda kuchuma. Mke wangu hajaamini; amesema ufunguo hanipi mpaka anione na kikapu mkononi.