Shimo Lililochimbwa Bila Ruhusa

Wakati wa vita bomu liliangukia lupango letu la Kabondo, yaani kiwanja cha nyumba yetu, hatua chache kutoka kisimani, likaacha shimo kubwa. Mvua ikalijaza. Juma lililofuata akaja bwana wa ofisi ya maji na fomu yake. Wakubwa wake wote walikuwa wamekimbia, lakini fomu zikimbie, wapi! Akalipima shimo, akaandika: "Kisima cha kuingizia uchafu ardhini, kimechimbwa bila ruhusa, hatari kwa maji ya chini." Akamtaka mama atie sahihi kama mchimbaji.

Mama akamjibu: "Bon, papa, wenye walichimba iko kule kwa kambi ya askari, pamoja na mizinga yao. Uwapelekee karatasi, watatia sahihi."

Yule bwana akatazama upande wa kambi. Akafuta yote, akaandika upya: "Shimo la asili."